Kahawa ya Tatu

Simu ya Fikret ilizama Jumatatu mchana kwenye bwawa la kinu cha zamani cha kusaga unga, kule juu mtoni, na mwenyewe aliiona ikienda chini. Alhamisi asubuhi dada yake, Almasa, aliwasha kompyuta ofisini akakuta simu hiyohiyo iko hewani, ina chaji asilimia mia moja.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Asilimia mia. Kidoto cha kijani kilikuwa kwenye ramani, katikati ya bwawa, na chini yake jina: Fikret Tufek, fundi wa mabomba. Almasa akajiambia kwamba mitambo nayo ina ujinga wake, akamaliza kahawa yake, akaendelea na kazi. Lakini kila baada ya dakika chache jicho lake lilirudi kwenye kile kidoto.

Kazi yake katika kampuni ya maji ya mji ule ilikuwa kutunza kila kompyuta, kila simu na kila kishikwambi alichopewa mfanyakazi. Vilikuwa mia moja na sita, vyote vimeorodheshwa kwenye ubao mmoja ndani ya kompyuta yake: cha nani, kiko wapi, kina chaji kiasi gani. Bila kuinuka kitini aliweza kuifunga simu ya mtu aliye kilomita ishirini, kuifanya ipige mlio, au kuifuta ibaki tupu kama ilivyotoka dukani. Wafanyakazi wenye adabu walimwita Mama Simu. Wenye midomo walimwita Munkari, kama yule malaika wa maswali ya kaburini, kwa vile alivyopenda kuhoji: umeiacha wapi, ulikuwa na nani, shahidi wako nani.

Simu ikipotea, Almasa alikuwa na dawa yake. Kampuni nyingine huandika vitisho kwenye kioo cha simu iliyopotea, mara polisi, mara mahakama. Yeye aliwajua watu wake wa bonde la mto Bosna: ukiwatisha wanakukomoa, ukiwaalika kahawa wanalegea. Kwa hiyo aliandika: "Mimi ni ya Fikret. Uliyenishika, karibu kwetu, nirudishe. Kahawa ipo jikoni." Kwa maneno hayo, katika miaka mitatu, simu tisa kati ya kumi na moja zilirudi, na waliozirudisha walikaa wakanywa. Kwa zisizorudi aliweka sheria. Siku ya kumi, saa tisa kamili alasiri, mfumo wenyewe unaifuta simu: majina, picha, sauti, kila kitu cha mwenyewe. Aliitunga baada ya kishikwambi kupotea mnadani kikiwa na taarifa za wateja wa nusu ya mji, na mkurugenzi Besim alimsifu kikaoni mbele ya watu wote.

Simu ya Fikret nayo aliiandikia hivyohivyo, Jumatatu ileile, kwa mazoea tu. Iko chini ya maji, nani angesoma?

Mchana akapiga nyumbani kwa Fikret. Huyo alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama yao alichukuliwa na mto akifua mazulia, karibu na kinu kilekile, Fikret akiwa na miaka saba na Almasa kumi na tisa, na maiti haikupatikana. Almasa ndiye aliyemwogesha, akamsomesha, akamwombea kazi, akamwoza. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa, na hakulalamika, kwa kuwa alikuwa na Fikret. Aliyepokea simu ni Mevlida, mke wa Fikret, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wifi, kaamka hana sauti," alisema. "Nilidhani ni baridi ya Jumatatu, si alirudi amelowa chapachapa. Lakini hanitazami. Anaangalia dirishani tu."

Ijumaa wakampeleka hospitali. Wakampima damu, wakampiga picha ya kifua na ya kichwa, wakasema huyu mzima, akapumzike nyumbani. Mzima gani yule. Alikaa kwenye kochi mikono mapajani, kama mtu aliyeambiwa asubiri, hali wala hajibu, na nywele zake zimelowa. Mevlida alizifuta kwa taulo, akazikausha kwa mashine, akageuka kuanika taulo, na aliporudi zilikuwa zinachuruzika upya. Chumba kizima kilinuka tope la mtoni na unga uliooza.

Siku hiyo kidoto kilitoka bwawani. Jioni kilikuwa darajani. Jumamosi kilisimama mbele ya duka la mikate, Jumapili kwenye kona ya soko. Jumatatu, ukungu na moshi wa makaa vimelala bondeni hata magari yanawasha taa saa nne asubuhi, Almasa alifungua ubao akakiona kidoto kimefika getini kwa kampuni.

Alishuka ngazi mbio, koti mkononi. Getini hakuna mtu. Mbwa wa mlinzi alikuwa amejikunyata chini ya gari la mafundi na hakukubali kutoka. Palikuwa na maji kwenye lami, mahali pamoja tu, upana wa mtu anayesimama, na ile harufu ya unga uliooza, ambayo Almasa aliijua sasa kutoka sebuleni kwa mdogo wake.

Akarudi juu, akafungua dirisha, akabofya amri ya mlio ili asikie simu iko wapi hasa. Chini kulikuwa kimya. Kilicholia ni simu yake mwenyewe, na ni Mevlida.

"Wifi," alinong'ona, "Fikret anapiga mlio."

"Mlio gani?"

"Wa simu. Simu ya kazi. Unatoka kooni mwake, wifi, na mdomo kaufumba."

Almasa akasimamisha amri. Akamsikia Mevlida akishusha pumzi, akisema mlio umekoma, umekoma sasa hivi. Na hapo Almasa alifanya jambo ambalo hakuwahi kujisamehe, maana mtu aliyeogopa sana hutaka kujua hata kinachomuua: akabofya amri ya kufunga, akahesabu moja, mbili, tatu, na upande wa pili Mevlida akaanza kulia akisema macho kayafumba, vidole vimekaza, Fikret, Fikret, kawa mgumu kama ubao, na Almasa akaifungua haraka hata kucha ikavunjika kwenye kibodi.

Halafu akaikumbuka sheria yake. Siku ya kumi ilikuwa Jumatano. Saa tisa kamili mfumo ungefuta kila kitu cha mwenyewe, majina, picha, sauti, na sasa alijua ungemfuta nani.

Aliisitisha palepale. Mfumo ukajibu: imesitishwa. Jumanne asubuhi akaikuta imerudi, na pembeni pameandikwa aliyeirudisha, Almasa Tufek, saa tisa usiku na dakika saba, saa ambayo alikuwa kitandani na milango amefunga. Akaisitisha tena mbele ya macho ya Besim. Wakiwa wanaitazama wote wawili, ikajirudisha yenyewe. Besim aliyekuwa ameanza kumtania akaacha. Akamwuliza kwa nini asiitoe simu hiyo kwenye orodha kabisa. Almasa akamjibu kwamba kuitoa kunaanza na kuifuta. Ndivyo alivyoupanga mfumo yeye mwenyewe, ili mtu asisahau.

Jioni wakamwita imamu. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Fikret hakushtuka, hakupiga kelele, hakufanya lolote katika yale ambayo watu huyatarajia. Imamu akafunga msahafu, akamwambia Almasa pembeni kwamba humu ndani hamna wa kufukuzwa. Kilichobaki kwenye kochi ni mwili unaomsubiri mwenyewe.

Jumatano asubuhi Almasa alikwenda jikoni kwa Shangazi Zumra, mpika kahawa wa kampuni. Bibi huyo alikuwa amewapikia wakurugenzi wanane, na kwake nyumbani watu walimpelekea wagonjwa walioshtuka ili awayeyushie risasi na kuimwaga kwenye bakuli la maji juu ya vichwa vyao, hofu iwatoke. Almasa alitaka Fikret amwagiwe risasi. Alieleza yote, na Zumra hakuacha kusugua birika lake dogo la shaba mpaka alipoomba asomewe maneno yaliyoandikwa kwenye ile simu. Almasa akamsomea. Zumra akaliweka birika mezani.

"Umemwalika," alisema.

"Nani?"

"Wa pale kinuni, akaaye chini ya maji. Umemwita kwa adabu, umemtajia jina, umemwambia arudishe, na kahawa ipo. Kaja na simu mkononi, na mwenyewe yumo ndani yake. Tangu juzi anasimama getini na hakuna aliyemwambia pita." Akamtazama Almasa kwa hasira kidogo. "Mgeni wako mwenyewe, binti. Mama yako angeona aibu."

"Shangazi, leo saa tisa."

"Basi apokelewe leo. Huyo hafukuzwi kwa kisomo, kwa sababu hajavunja mlango. Atapewa tatu kama mgeni yeyote: ya kumpokea, ya mazungumzo, na ya kumwondoa. Bila ya tatu yeye hana ruhusa ya kuondoka wala wewe huna ruhusa ya kumtoa. Akishainuka atakiacha alichokuja kurudisha, na mwenyewe atarudi mwilini mwake." Akamshika mkono. "Ukiulizwa, jibu. Lakini akishaaga, nyamaza. Aseme atakalosema mlangoni, wewe nyamaza."

Saa nane kasorobo Besim aliwakusanya wafanyakazi ghorofa ya chini kwenye kikao kisicho na ajenda, ili wakae mbali na ofisi ya Almasa. Zumra aliweka sinia kwenye meza ya Almasa: finjani tatu, vipande vya sukari, peremende laini za lokum kwenye kisahani. Almasa akashuka getini. Ukungu ulikuwa mzito hata hakuuona ukuta wa ng'ambo. Akaukaribisha ule ukungu, kwa sauti iliyokatika katikati, kama alivyofundishwa na mama yake tangu udogo: karibu, pita, tulikuwa tunakungoja. Akageuka kupanda ngazi bila kutazama nyuma, na nyuma yake, ngazi kwa ngazi, kikamfuata kishindo cha mguu uliolowa.

Kidoto kwenye ubao kilikaa juu ya chumba chake. Kiti cha mbele ya meza kililia kwa uzito. Maji yakaanza kudondoka chini ya kiti, polepole, na harufu ikajaa chumbani. Zumra akamimina ya kwanza, akasogeza finjani, na kahawa iliyokuwemo ikapungua, ikapungua, mpaka likabaki tope lake. Hakuna mkono ulioonekana.

Alipomimina ya pili, simu za akiba zikawaka ndani ya kabati la chaji. Zilikuwa ishirini na mbili, zote Almasa alizizima mwenyewe wiki iliyopita, na zote zilisema pamoja, kwa sauti ya chini, sauti ya Fikret.

"Mu wazima hapa?"

"Wazima, alhamdulillahi," Almasa alijibu.

"Kazi?"

"Inakwenda."

"Baridi mwaka huu."

"Baridi, kweli."

Mgeni hakuwa na haraka. Aliuliza habari za ukungu, za mabomba ya mtaa wa juu, za bei ya kuni, maswali yaleyale ambayo kila mgeni wa mji ule huyauliza akiwa na finjani mkononi, na Almasa alijibu moja baada ya jingine huku saa ya ukutani ikipita nane na nusu, ikipita nane na dakika arobaini, na kahawa ya pili ikipungua tone kwa tone, na Zumra akimwonyesha kwa macho kwamba ya tatu haimiminwi mpaka finjani iwekwe chini, kwa kuwa kumwondoa mgeni ambaye hajamaliza kuzungumza ni kumtukana, na huyu hakuwa wa kutukanwa.

"Na mama," zikasema simu kabatini.

Almasa akaitazama saa. "Mama alishafariki. Mto ulimchukua."

"Hajambo. Anawasalimu. Bado tunakunywa naye."

Almasa akageukia kabati. Alitaka kuuliza, mdomo ulishafunguka, miaka ishirini na minane alikuwa na maswali ya kumwuliza yeyote atakayesema amemwona mama yake, lakini Zumra alimkanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zake zote, na mkono wa saa ulikuwa umebakiza dakika sita, na nyumbani kwenye kochi alikuwepo yule aliye hai, anayesubiri, kwa hiyo akaufunga mdomo na machozi yakashuka tu. Dakika tano. Nne. Finjani ikagonga kisahani. Imewekwa.

Zumra akamimina ya tatu: nusu finjani, bila sukari, na kahawa yenyewe amepika nyepesi. Mji mzima ulijua maana yake. Maji yakaacha kudondoka, simu kabatini zikazimika moja moja, na kahawa ikaisha kwa fundo moja. Kiti kikalia. Juu ya meza, mahali palipokuwa patupu, palikuwa na simu ya kazi, imelowa, ina jani la mtoni limeganda kwenye kioo.

Ubaoni muda ukageuka kuwa saa tisa. Simu ikajifuta palepale mbele yao, kioo kikawa cheupe, kikaandika maneno ya kumkaribisha mtumiaji mpya. Almasa alikuwa ameziba macho. Simu yake ikaita mfukoni, akaipokea bila kufumbua.

"Dada," alisema Fikret, kwa sauti yake nzito ya siku zote, "huyu mke wangu analia nini? Na mbona hamna chakula humu ndani?"

Almasa alicheka na kulia kwa pamoja. Alimwita mwanangu, alimwambia ale, ale chochote, anakuja sasa hivi. Furaha ilimjaa mpaka hakujua amesimama wapi. Na mlangoni, nyuma yake, sauti moja isiyo ya mtu yeyote anayemjua ikaaga kama wageni wote wanavyoaga kwao.

"Asanteni kwa kahawa. Njooni na nyie kwetu."

"Tutakuja, inshallah," alisema Almasa.

Jibu lilimtoka lenyewe. Alikuwa amejibu hivyo maisha yake yote, kwa majirani, kwa mashangazi, kwa watu ambao hakuwa na nia ya kwenda kwao hata siku moja. Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi, korido tupu, na Zumra alikuwa ameketi sakafuni, birika limemponyoka, kahawa imemwagikia viatu vyake.

Asubuhi ya Alhamisi Fikret alikula mayai sita, akaja kazini kudai simu mpya. Almasa aliwasha kompyuta ili amwandalie. Simu ya kwanza kwenye ubao, juu ya zote, ilikuwa na alama ya kupotea. Kidoto kilikuwa kinuni, katikati ya bwawa. Chaji asilimia mia. Jina: Almasa Tufek. Pembeni mfumo ulikuwa umeanza kuhesabu siku zake kumi, kwa mujibu wa sheria.

Simu hiyo alikuwa ameishika mkononi. Kioo kikawaka.

"Uliyekubali, karibu kwetu. Kahawa ipo jikoni."

Alishuka mpaka jikoni akiwa ameinyoosha mbele yake kama kitu kinachounguza. Zumra alisoma, akasoma tena, akairudisha. Almasa alimwuliza kama anaweza asiende. Zumra akamkumbusha yaliyompata mdogo wake kwa mgeni kuachwa mlangoni tu, na huyu alishajibiwa kwamba watakuja. Asipokwenda yeye, atachukuliwa mwingine wa nyumba ile. Almasa akaiweka simu mezani, kioo chini. Kutoka korido ilisikika sauti ya Fikret akiwatania watu wa mapokezi, mzima kabisa.

"Basi nitakwenda," Almasa alisema. "Nitakunywa, nitaaga, nitarudi. Kama mgeni yeyote."

Zumra akaipangusa meza kwa kitambaa.

"Shangazi, kwao mgeni wanampa kahawa ngapi?"

Bibi aligeukia jiko, akazima moto chini ya birika.

"Mbili," alisema.